Mstari juu ya 500: kisa cha kontua zilizokata lebo zake

Mchoro ulirudi kwangu ukiwa na duara nne nyekundu na swali moja pembeni: "Ndugu, hii ni 500, au ni namba uliyoifuta ukasahau kuiondoa?" Mwenzangu hakuwa anatania. Nilipoukuza mchoro niliona alichokiona. Namba 500 ilikuwa imekaa vizuri juu ya mstari wake, na mstari huo ulikuwa umekatwa kwa adabu kuipisha. Ila mistari miwili ya jirani, mmoja wa juu yake na mmoja wa chini, ilipita moja kwa moja kwenye kichwa na miguu ya tarakimu. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa 400, 600 na 700. Namba 300 ilikuwa inaguswa tu, ndiyo maana ilikosa duara.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) za kila mita 20, kontua kuu kila mita 100 zikiwa nene na zenye lebo. Nilichora kwa Matplotlib, maktaba ya michoro ya Python. Mchoro ulitakiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni PDF yenye rangi za kivuli cha mlima chini ya mistari, na ya pili ni karatasi ya plota ya kalamu, ile mashine inayoshika kalamu halisi na kuiburuta juu ya karatasi. Hiyo ya pili niliichukulia kuwa nyongeza ndogo. Baadaye ndiyo iliyonilazimisha kufikiri.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuiacha data halisi. Ramani ya kweli ina mikunjo, mashimo madogo, na kelele za vipimo, na ukitafuta kosa humo utaishia kulaumu data. Nikatengeneza mlima wa hesabu: kilele mita 900, umbo la kengele, mrefu kwa upande mmoja kuliko mwingine. Kimo cha kila nukta ni 900 mara e kwa kipeo cha hasi nusu ya jumla ya (x/700)² na (y/400)². Mlima umelala mashariki-magharibi kama mtu aliyejinyoosha kitandani, na kila kontua yake ni duaradufu. Eneo la mchoro ni mita 3,600 kwa 2,400 kwenye inchi 9 kwa 6, yaani mita 400 kwa inchi. Inchi ina pointi 72, kwa hiyo pointi moja ni takriban mita 5.56. Nimetumia pointi kila mahali hapa chini kwa sababu ukubwa wa fonti na unene wa mistari hupimwa kwa pointi, na ugomvi wote ni kati ya hivyo viwili.

Uzuri wa mlima wa hesabu ni kwamba kosa likitokea unaweza kulipigia hesabu kwa mkono. Na kosa lilitokea vile vile, namba kwa namba.

Amri inayoandika lebo ni clabel, na kigezo chake inline huwa kimewashwa tangu mwanzo. Watu wengi, mimi nikiwemo, huisoma ahadi yake kupita inavyosema. Inasema mstari wa chini ya lebo utaondolewa. Tunasikia kwamba hakuna mstari utakaopita kwenye lebo. Kinachokatwa ni mstari mmoja tu, ule wenye lebo hiyo. Mistari mingine haiulizwi, na hata ikiwa iko kwenye seti hiyo hiyo ya kontua haitazamwi kabisa. Mimi nilikuwa nimeita contour, amri inayochora mistari yenyewe, mara mbili, mara moja kwa kontua nyembamba za kati na mara ya pili kwa kontua kuu, kwa hiyo clabel hata haikujua kwamba kontua za kati zipo. Nilijaribu kuziweka zote kwenye seti moja nikidhani ndiyo dawa. Duara nne zilibaki pale pale.

Kabla sijaingia ndani zaidi, kulikuwa na kosa jingine lililojificha nyuma ya hili, nalo ni la mpangilio wa amri. Pengo la mstari hukokotolewa kwa pikseli wakati ule ule unapoita clabel. Ukibadilisha mipaka ya mhimili baada ya hapo, au ukubwa wa karatasi, pengo linabaki na vipimo vya zamani huku maandishi yakibaki na ukubwa wake. Unapata pengo refu lenye namba ndogo katikati, au namba inayoning'inia nje ya pengo. Ulinganifu wa mihimili ni mtego zaidi, kwa sababu set_aspect haifanyi kazi papo hapo. Husubiri mchoro unapochorwa. Dawa ni kuita apply_aspect, au kuchora turubai mara moja, kabla ya kugusa lebo. Kubadilisha dpi (idadi ya nukta kwa inchi) wakati wa kuhifadhi hakuna madhara ya aina hii, maana kila kitu hukua kwa uwiano mmoja. Hilo nililirekebisha ndani ya dakika chache, mapengo yakakaa sawa, na mistari ya jirani ikaendelea kupita juu ya namba bila aibu.

Viraka vitatu

Kiraka cha kwanza ni kile ambacho kila mtu hukifikia: kuizungushia namba ukingo mweupe. Kwenye Matplotlib ni withStroke yenye rangi nyeupe na unene wa pointi 3 hivi. Kwenye karatasi nyeupe matokeo yanapendeza, na kama mchoro wako una karatasi nyeupe tu, ishia hapo uendelee na maisha. Kwangu kulikuwa na kivuli cha mlima chini. Ukingo mweupe juu ya kijivu na kahawia unafanana na bandeji, na mlima wangu ulionekana umetoka hospitali.

Kiraka cha pili kilikuwa cha kiakili zaidi, nami nilijivunia kwa siku moja nzima. Badala ya kupaka kitu juu ya mistari, izuie mistari isichorwe mahali penye lebo. Kila kitu kinachochorwa kwenye Matplotlib kinaweza kupewa njia ya kukatia kwa set_clip_path: kilicho ndani ya umbo hilo huonekana, kilicho nje hakionekani. Ukitengeneza umbo lenye mstatili wa mchoro mzima, kisha ndani yake visanduku vya lebo kama matundu, unaipa mistari hiyo njia na kivuli cha chini hukipi. Mistari hutoweka kwenye matundu, kivuli kinabaki, na namba husimama juu ya rangi ya mlima wenyewe. Kuna sharti moja lisiloonekana. Tundu ni tundu pale tu kona zake zinapozunguka kinyume na kona za mstatili wa nje. Ukizizungusha upande mmoja, kanuni ya kujaza inayohesabu mizunguko hulichukulia tundu kuwa sehemu ya umbo, na hakuna kinachokatwa. Nilipoteza muda hapo nikikagua vipimo vya visanduku, wakati vipimo vilikuwa sahihi na mwelekeo ndio uliokosea.

Vipimo vyenyewe vilihitaji uangalifu pia. Ukiiuliza lebo ukubwa wake kwa get_window_extent, hukujibu kwa kisanduku kilichonyooka sambamba na mihimili, hata kama maandishi yameinama. Namba ya tarakimu tatu kwa fonti ya pointi 8 ya DejaVu Sans, ambayo ndiyo fonti ya kawaida ya maktaba hii, ina upana wa karibu pointi 15.3 na kimo cha tarakimu karibu 5.8. Iinamishe nyuzi 45, na kisanduku unachojibiwa kinakuwa mraba wa karibu pointi 14.9 kila upande. Eneo lake ni mara mbili na nusu ya eneo la namba yenyewe. Ukikata mistari kwa kisanduku hicho unatoboa ramani. Njia salama ni kuipima lebo ikiwa imelala kwa nyuzi sifuri, kisha kuzizungusha kona nne mwenyewe. Na hata hapo kisanduku huwa kirefu kidogo kuliko tarakimu, kwa sababu huacha nafasi ya mikia ya herufi kama p na g, ilhali namba hazina mikia. Mimi hukipunguza kwa chini.

PDF ikakubaliwa. Nikatuma faili ile ile kwa plota.

Plota ya kalamu haina habari na njia ya kukatia. Programu iliyotafsiri faili ilichukua mistari kama ilivyoandikwa, na mistari ilikuwa imeandikwa mizima, kwa sababu kukata kwa namna hii ni agizo kwa mchoraji wa skrini asionyeshe sehemu fulani. Umbo la mstari halijaguswa. Kalamu ikapita juu ya 400, 500, 600 na 700 kwa wino mweusi. Ukingo mweupe ungeshindwa vile vile, maana kalamu haina wino wa kufuta.

Kiraka cha tatu, basi, kilikuwa kukata mistari yenyewe kama jiometri. ContourPy, maktaba ambayo Matplotlib imekuwa ikiitumia kukokotoa kontua tangu toleo la 3.6, hukupa mistari bila kuchora chochote. Unachukua mistari hiyo, unaihamishia kwenye vipimo vya karatasi, na kuikata kwa Shapely, maktaba ya Python ya maumbo ya jiometri:

```
kisanduku = Polygon(kona_zilizozungushwa).buffer(0.8)
mashimo   = unary_union(visanduku_vyote)
vipande   = LineString(mstari).difference(mashimo)
```

Kila mstari, wenye lebo na usio na lebo, hupitia hapo. Kinachobaki ni vipande halisi, na hakuna kalamu inayoweza kuchora kisichokuwepo. Faida nyingine ni kwamba sikuhitaji tena kugusa matumbo ya kitu kinachorudishwa na contour, ambayo hubadilika. Orodha ya collections, ambayo misimbo mingi ya zamani huitegemea, ilitangazwa kuwa inaachwa kwenye toleo la 3.8 na kuondolewa kabisa kwenye 3.10.

Hapo ningeweza kufunga kisa. Mistari haikati lebo tena, kwenye skrini wala kwenye karatasi. Mwenzangu akaitazama karatasi ya plota, akanyamaza kidogo, akasema: "Sasa namba inasomeka. Lakini mistari hii miwili isiyo na namba imekatika kwa nini?"

Alikuwa sahihi. Pengo kwenye kontua lina maana moja kwa msomaji wa ramani: namba iliyo hapa ni ya mstari huu. Mstari wa 480 na wa 520 ulipokatika kando ya 500, macho hayakujua namba ni ya nani kati ya watatu. Nilikuwa nimelitibu jeraha kwa kukata kiungo.

Kunyooka na nafasi

Hapo ndipo niliporudi kwenye swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Kwa nini lebo ilikwenda kukaa mahali penye msongamano, wakati mstari wa 500 ni mrefu na unapita sehemu nyingi?

Clabel huchagua mahali kwa kuugawa mstari katika vipande na kuangalia ni kipande kipi kimenyooka kuliko vyote, kwa kupima jinsi nukta zake zinavyotoka nje ya uzi ulionyooshwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande. Kisha huangalia kama pako karibu mno na lebo nyingine iliyokwisha kuwekwa. Kama pako karibu, hujaribu kipande kinachofuata kwa unyoofu. Kama vyote viko karibu mno, hurudi kwenye kile cha kwanza. Ni mpango wenye busara, na sababu yake iko wazi: maandishi yamenyooka, kwa hiyo yakae juu ya mstari ulionyooka. Ila hakuna hatua hata moja inayouliza jirani yuko umbali gani.

Sasa utazame mlima uliojinyoosha. Kontua ya 500 ni duaradufu yenye nusu-urefu wa mita 759 na nusu-upana wa mita 434. Imenyooka wapi? Ubavuni, upande wa kaskazini na kusini, ambako mpindo wake ni kama wa duara lenye nusu-kipenyo cha zaidi ya mita 1,300. Na msongamano uko wapi? Huko huko ubavuni, kwa kuwa ndiko mlima unakoshuka kwa kasi. Kwenye mlima mrefu, kunyooka na nafasi vinapingana karibu kabisa. Kanuni ya kuchagua sehemu iliyonyooka inafanya kazi yake bila kosa, na kwa kufanya hivyo inaipeleka lebo mahali pabaya kuliko pote kwenye mstari huo.

Hesabu ni fupi. Umbali kati ya kontua mbili ni tofauti ya kimo chao kugawanya kwa mteremko. Ubavuni kwenye 500 mteremko ni 1.355, yaani unashuka mita 1.355 kwa kila mita ya mlalo. Mita 20 kugawanya kwa 1.355 ni mita 14.8, na kwa kipimo cha mchoro huu ni pointi 2.66. Lebo inahitaji nini? Nusu ya kimo cha tarakimu, pointi 2.9, pamoja na nusu ya unene wa mstari wa jirani wa pointi 0.6, yaani 0.3. Jumla 3.2. Nafasi ni 2.66 na hitaji ni 3.2, kwa hiyo mstari lazima uingie ndani ya namba, na hakuna mpangilio wa amri utakaobadilisha hilo.

Nilizipitia kontua kuu zote ubavuni kwa njia hiyo. Kwenye 400 nafasi ni 2.83, kwenye 600 ni 2.67, kwenye 700 ni 2.90. Zote ziko chini ya 3.2, nazo ndizo zilizopata duara nyekundu. Kwenye 300 nafasi ni 3.24, ndiyo ile iliyokuwa ikiguswa. Na 100, 200 na 800 ziko salama. Nilifurahi kuliko inavyostahili kuona kalamu nyekundu ya mwenzangu na kugawanya kwa shule ya msingi vinakubaliana.

Ukienda kwenye ncha ya mashariki ya mstari huo huo, mteremko ni 0.774 tu. Nafasi inakuwa mita 25.8, pointi 4.65. Mpindo pale ni mkali, kweli, na lebo iliyonyooka juu ya mstari uliopinda hutokeza kona zake nje, kwa hiyo hitaji halibaki 3.2. Kona ya nje ya lebo iko mbali na mstari wake kwa karibu pointi 3.5, ongeza 0.3 ya mstari wa jirani, ni 3.8. Bado ni chini ya 4.65. Ncha, ambayo clabel huikimbia kwa sababu ya mpindo, ndiyo yenye nafasi.

Suala hili la kona linastahili kusimamishwa kidogo, kwa sababu ndilo lililonidanganya pale nilipojaribu mlima wa mviringo, wenye 400 pande zote mbili badala ya 700 na 400. Kwa kugawanya tu, lebo ya 800 kwenye mlima huo ilikuwa salama: nafasi karibu 3.6 au 3.7, hitaji 3.2. Kwenye mchoro ilikatwa. Mstari wa 800 hapo ni duara dogo la nusu-kipenyo cha pointi 35 hivi. Katikati ya lebo kila kitu kiko sawa, lakini kona zake mbili za nje hufika pointi 3.66 kutoka kwenye mstari, na ukingo wa mstari wa 780 uko kwenye 3.27. Namba ya katikati ilisomeka, sifuri ya mwisho ikakatwa sikio. Tangu hapo sipimi tena kwa kugawanya peke yake. Kugawanya hunionyesha mahali pa kutazama, na hukumu naiachia kisanduku chenye kona nne dhidi ya mistari halisi.

Mlima wa mviringo ulinifundisha jambo jingine: kuna mistari isiyo na mahali pazuri popote. Mteremko wa 500 kwenye mlima huo ni ule ule kote kuuzunguka. Unaweza kuizungusha lebo kama mshale wa saa, na kila saa ni mbaya sawasawa. Hapo mlango uliobaki ni fonti. Kwa pointi 6 hesabu ya kugawanya inapita, 2.49 dhidi ya 2.66, lakini kona hugusa kwa unywele. Kwa 5.5 inapita kweli, na msomaji anahitaji miwani. Mlango mwingine ni kuuacha mstari bila namba, na huo ndio niliouchagua.

Kumtafutia kila mmoja mahali pake

Utaratibu niliouandika mwishowe si wa ajabu. Kwa kila kontua kuu natembea juu ya mstari kwa hatua za pointi 2. Kwenye kila hatua naweka kisanduku cha lebo kwa mwelekeo wa mstari pale, na kuuliza umbali wake hadi mstari wa jirani ulio karibu zaidi. Ili nisilinganishe kila kisanduku na kila mstari, mistari yote huwekwa kwanza kwenye STRtree ya Shapely, faharasa inayorudisha wale walio karibu tu. Umbali chini ya pointi 0.2, mahali hapo panatupwa. Waliobaki wanapewa alama: umbali mkubwa hupandisha, mpindo mkali hushusha, ukaribu na ukingo wa mchoro hushusha, na ukaribu na lebo iliyokwisha kuwekwa hushusha zaidi. Aliyeongoza anachukua lebo. Asipobaki yeyote, mstari hauandikwi.

Naanza na mstari wenye mahali pachache panapofaa, kisha nafuata wenye pengi. Hii ni kanuni ya mwenye haraka, haihakikishi mpangilio bora kuliko yote. Sikusumbuka. Tatizo la kuziweka lebo za nukta zote bila kugongana lilithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwa la kundi la NP-ngumu, yaani halina njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora, na kwa lebo nane mpango wa haraka unatosha. Kama una lebo mia nane, utahitaji kitu chenye subira zaidi.

Kwenye mlima uliojinyoosha, mahali panapofaa kwa 500 si ncha peke yake. Ukipima kwa pembe ya kigezo cha duaradufu, unaweza kusogea karibu nyuzi 29 kila upande wa ncha kabla nafasi haijashuka chini ya pointi 3.8. Mwisho wa masafa hayo mstari unaelekea nyuzi 45 hivi, kwa hiyo lebo inasomeka bila kukunja shingo, tofauti na nchani kabisa ambako namba husimama wima. Alama zangu za kwanza hazikujali hilo na zilizisimamisha namba zote nane wima kama ngazi ya mnara. Niliongeza adhabu ndogo kwa maandishi yanayokaribia wima, zikahamia upande wa kusini-mashariki na kulala kwa mshazari.

Kusini kuna sababu yake. Desturi ya ramani nyingi ni kichwa cha namba kielekee kupanda, ili msomaji ajue mlima uko upande gani bila kutafuta namba ya pili. Clabel yenyewe haifuati hilo; kigezo chake rightside_up huhakikisha tu kwamba namba haiko kichwa chini. Kwenye mteremko wa kusini mambo mawili yanakubaliana, kwa sababu kupanda ni kuelekea juu ya karatasi. Kwenye mteremko wa kaskazini yanagombana, na mmoja lazima ashindwe. Ni rahisi zaidi kutokwenda huko.

Kisha nikarudi kwenye data halisi, ile niliyoiacha mwanzoni. Ilinikumbusha kwa nini niliiacha. Mistari ina meno madogo yanayofuata gridi, na mwelekeo wa mstari ukipimwa kwenye jino moja huinamisha lebo ovyo. Napima mwelekeo kwa uzi wa urefu wa lebo nzima, siyo kwa nukta mbili za jirani. Viduara vidogo vya vilele, vile ambavyo lebo ingekuwa kubwa kuliko kiduara chenyewe, navitupa mapema, jambo ambalo clabel pia hulifanya kwa kipimo chake. Kontua kuu mbili za kwenye jabali zilikosa mahali na zikabaki bila namba. Mwenzangu hakuziulizia.

Kiraka cha tatu hakikutupwa. Kila lebo bado inahitaji mstari wake ukatwe, na Shapely ndiyo inayoukata kwa ajili ya PDF na plota kwa pamoja, kwa pengo linalofuata kona halisi za lebo hata mahali palipopinda. Nafasi ya inline_spacing, ambayo kwa kawaida ni pikseli 5, ni sahihi tu mahali ambapo mstari umenyooka, na lebo zangu sasa hazikai tena kwenye mistari iliyonyooka.

Yalibaki mambo mawili ya plota. Kontua iliyofungwa ina nukta inayoanzia na kuishia, isiyoonekana kwenye skrini, na baada ya kukatwa hugeuka kuwa mshono: kipande kimoja kinaishia pale na kingine kinaanzia pale pale. Kalamu hunyanyuka, hushuka, na kuacha kitone cha wino mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote. Amri ya linemerge ya Shapely huviunganisha tena. Na pale ambapo lebo mbili zilikatia mstari mmoja kwa karibu, kulibaki vipande vya chini ya pointi 3, ambavyo kwenye karatasi vilionekana kama alama za mkato zilizopotea njia. Hivyo navifuta kabla ya kutuma. Karatasi ya tatu ya plota ilirudi bila duara, ikiwa na alama moja ya penseli kando ya 700: mwenzangu alitaka isogezwe kidogo kushoto, kwa sababu ilikuwa imeziba jina la kijito.